Mkono wa Mtakatifu Jumatatu

Jumatatu hiyo, mwendo wa saa tatu asubuhi, Mally alikuwa amepiga magoti akinyunyizia maji sakafu ya udongo chini ya mtambo wa kufumia, kwa kuwa hewa ikikauka uzi wa pamba hukatika. Mumewe, Jabez wa Nedi wa Tumu, ndiyo kwanza alikuwa anateremka kitandani, soksi moja mguuni na nyingine haijulikani ilipo. Binti yao Ailse, wa miaka kumi na sita, alikuwa mezani akimenya vitunguu. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mtakatifu Jumatatu akaingia, akakung'uta matope viatuni, akatundika kofia yake kwenye nguzo ya mtambo na kuuliza kama uji upo. Mally akamjibu kwamba uji upo, ila chumvi imekwisha. Mtakatifu akasema si kitu, kwa jirani chumvi ipo, na kwa kuwa huko nako yuko anakunywa uji, atajiletea. Punde chumvi ikawa mezani.

"Jirani anasemaje?" Mally aliuliza.

"Anasema bakuli lake la juzi hajaliona."

"Mwambie ataliona."

Katika kijiji cha Thornshaw, huko kwenye vilima vya Lancashire, hakuna mfumaji aliyefanya kazi Jumatatu. Vijiji vingine navyo vilikuwa na desturi hiyo, lakini huko walimtaja mtakatifu huyo kwa mzaha tu, mtu akitafuta kisingizio cha kwenda kunywa. Huku Thornshaw mtakatifu alikuja mwenyewe. Alikuja enzi za Tumu, akaja enzi za Nedi, na hakuna aliyeona la ajabu. Alikuwa mfupi, ana kipara, amevaa aproni ya ngozi kama fundi viatu, na alinuka vitunguu. Nyumba zenye mitambo zilikuwa thelathini na moja, naye aliingia zote saa ile ile, mzima mzima katika kila moja, ingawa penye pombe nzuri alikawia kidogo. Akishatundika kofia, mtambo haukusogea hata ukiupiga teke. Siku yenyewe ilizidi siku nyingine kwa saa mbili hivi. Kasisi, ambaye hakumpenda hata chembe, alichonga mistari miwili ya ziada kwenye saa ya jua ya kanisa ili asije akakosea wakati wa chakula chake cha jioni. Watu walipiga fidla, walishona viatu, walikwenda kukagua kuku wa wenzao, walilala. Jumanne walianza kazi kwa kujivuta, Ijumaa walifuma kama wanaofukuzwa, na Jumamosi kitambaa kilikuwa tayari.

Kwa kina Jabez kulikuwa na jambo jingine zaidi. Ule unyevu uliookoa uzi uliua watoto. Walikuwa wamezika watatu, wote kwa kifua, na Ailse aliyebaki alikuwa na kifua hicho hicho. Akipumua ungesikia kama mtu anachana karatasi chumba cha pili. Basi kila Jumatatu, baada ya uji, Mtakatifu alimkalisha kwenye kigoda, akamwekea kiganja cha mkono wa kulia mgongoni, na kukiacha hapo muda wa dakika tisa. Hakusali wala hakumpa dawa. Aliendelea kupiga soga na Jabez kuhusu jogoo wa fulani aliyeshindwa na jogoo wa fulani, na mkono uko pale pale. Ukiondoka, kifua kilikuwa kimefunguka, nacho kilikaa hivyo mpaka Jumapili jioni. Mally alimwongezea kitunguu, na mambo yakaishia hapo.

Kisha Bwana Haldenby akajenga kiwanda bondeni kando ya mto. Kilikuwa na ghorofa tano, na injini ya mvuke iliyokuja vipande vipande kwa mikokoteni ya farasi kumi na wanane. Bomba la moshi lilipita mnara wa kanisa kwa urefu, na kasisi akasema hilo ni sawa kwa kuwa bwana huyo alichangia paa. Mle ndani mitambo ya chuma ilijifumia yenyewe. Msichana mmoja aliangalia miwili, na kitambaa alichotoa kwa siku kingemchukua mwanamume mwenye nguvu zake wiki nzima.

Mwanzoni wafumaji walicheka. Jabez alicheka kuliko wote, maana alikuwa mtu wa maneno. Ndiye aliyewasomea wenzake magazeti, na ndiye aliyewaandikia barua za malalamiko. "Chuma hakina miguu," aliwaambia kilabuni. "Kitakanyagaje mtambo?" Kufikia majira ya baridi ya pili hakukuwa na anayecheka. Wafanyabiashara wa Rochdale waliacha kupandisha uzi kilimani, na mitambo thelathini na moja ikakaa bure siku sita za wiki badala ya moja.

Ndipo Haldenby alipomwita Jabez. Hakumwita ofisini. Alimpeleka kwenye nyumba mpya za kiwanda, zimepangwa safu moja, akafungua mlango wa ile ya kwanza na kumwacha aingie. Alihitaji nyapara, alisema, na alitaka mtu ambaye watu wa kilimani wakimwona amekubali nao watakubali. Jabez alisikia kwa sikio moja. Alikuwa ameweka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu. Akaupapasa kutoka mlangoni mpaka dirishani, juu na chini, akainama akagusa na sakafu ya mawe, nayo ilikuwa kavu vilevile. Akamfikiria Ailse. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alilisema mara nyingi mno mpaka likaanza kumchosha.

"Na Babu Jumatatu je?" Mally aliuliza siku ya kuhama, wakati wanapakia vyungu.

"Ana miguu. Njia ataiona."

Aliiona kweli. Jumatatu ya kwanza kengele ya kiwanda ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kati ya watu mia mbili waliotakiwa, walifika kumi na wanne. Wengine walikuwa kwao, kwa sababu siku hiyo Mtakatifu aliwahi, alikuwa ameshaingia kabla ya kengele. Kwa kuwa nyumba za safu hazikuwa na mitambo, alitundika kofia kwenye vitasa vya milango, na hapo tena mlango haukufunguka kumruhusu mtu kutoka. Jabez mwenyewe alitokea dirishani na kufika kazini amechelewa nusu saa, na majani ya jirani magotini.

Haldenby hakukasirika. Aliuliza jina la huyo mtu na mahali anapoishi, akaandika. Kisha akaenda kwa hakimu, ambaye alizoea kuwinda naye, akafungua shauri: kuna mzururaji, hana kazi, hana makazi, anaingia nyumba za watu na kuwazuia kutimiza wajibu wao.

Jumatatu iliyofuata konstebo alikwenda kumkamata. Kazi hiyo ilimchukua kutwa nzima, maana ilibidi amtoe kila nyumba. Katika nyumba ya kwanza alimfunga mikono, akampakia mkokotenini. Katika ya pili akamkuta anakunywa uji, akamfunga, akampakia. Na hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Alipofika mjini, mkokotenini alikuwamo mtu mmoja tu, amekaa kitako, ametulia. Lakini ekseli ilikuwa imepinda, na farasi amebadilishwa mara mbili.

Kesi ilisikilizwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ya wageni, kama kesi zote za pale. Thornshaw nzima ilibanana ukutani. Karani akauliza jina.

"Jumatatu."

"Umezaliwa wapi?"

"Baada ya Jumapili."

Karani akaandika. "Kazi?"

"Kukaa," alisema Mtakatifu, na watu wakacheka, na hakimu akagonga meza.

Sheria ilikuwa wazi. Maskini asiye na kazi hurudishwa parokia aliyotoka. Lakini akitokea mwenye nyumba akaapa kwamba mtu huyo ameishi kwake siku arobaini mfululizo, basi ni mtu wa hapo, na hakuna wa kumgusa. Hakimu akauliza kama yuko mwenye nyumba wa kuapa hivyo. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Jabez, kwa kuwa ndiye siku zote aliyewasemea. Wala hakukuwa na ubaya katika kumtazama. Walidhani atasema tu ndiyo, basi, warudi nyumbani. Nani angebisha? Haldenby alikuwa dirishani anasafisha kucha kwa kijiti.

Wakampa Biblia. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia.

"Jabez Kershaw," hakimu akasema, "mtu huyu amewahi kulala nyumbani kwako siku arobaini mfululizo?"

Jabez aliwaza mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu huyu alikuwa amemjia kila wiki ya maisha yake, na kabla yake baba yake, na kwamba ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. La pili lilikuwa ule ukuta mkavu.

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi siku ngapi?"

"Moja. Hajawahi kulala kwangu hata siku mbili mfululizo."

Ilikuwa kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mtakatifu akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Ndivyo, Jabez wa Nedi," alisema. "Moja moja."

Jabez aliteremka ngazi akiwa hana pa kuuweka uso. Masikio yalimwaka. Nje, bibi mmoja jirani yao wa kilimani, Sukey Tattersall, yule mwenye bakuli, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake kichwani, akamwachia nafasi ya kupita, kubwa kuliko aliyoihitaji.

"Umeapa vizuri, Jabez," alimwambia. "Tena kwa sauti. Hata waliokaa nyuma tumekusikia."

Jabez, yeye mtu wa maneno, akashusha kofia machoni. Akaenda zake.

Kwa vile hapakuwa na parokia iitwayo Baada ya Jumapili, Mtakatifu hakuweza kurudishwa kokote. Wakampeleka nyumba ya maskini, na nyumba ya maskini, ambayo iliwakodisha watu wake kwa kiwanda, ikamkodisha siku ya pili yake. Alipewa beleshi na kuwekwa kwenye chumba cha tanuri, chini kabisa, kuchochea moto wa injini. Sasa alikuwa mmoja tu. Alifanya kazi Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi, hakuchelewa wala hakulalamika. Siku zenyewe zikawa zote sawa kwa urefu. Kasisi akamwita fundi mawe aje aikwangue ile mistari miwili.

Jabez alikikwepa chumba cha tanuri kadiri alivyoweza, lakini nyapara hawezi kukikwepa kabisa. Kila alipopita, Mtakatifu aliweka beleshi wima, akamsalimu.

"Habari za asubuhi, bwana nyapara."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa mtu asiyejua kejeli, na laiti angejua. Jabez angelipata la kukasirikia. Badala yake aliitikia huku anatazama makaa, na akifika juu alikuta amesahau alichofuata.

Nyumba ilikuwa kavu kama ilivyoahidiwa. Shida ilikuwa kwamba Ailse hakukaa nyumbani. Binti wa nyapara angekaaje nyumbani wakati mabinti wa wenzake wako kazini? Alipewa mitambo miwili ghorofa ya pili. Na huko, siku ya kwanza tu, Jabez aliona jambo ambalo mfumaji yeyote angeliona: madirisha yote yalikuwa yamepigwa misumari, na mvuke ulifunguliwa uingie kwa mabomba madogo, kwa kuwa hewa ikikauka uzi wa pamba hukatika. Kuta zilitiririka maji. Hewani zilielea nyuzi ndogondogo za pamba, zikamkalia msichana kwenye nyusi, na nyingine akazivuta ndani. Jabez aliona yote hayo, akajiambia kwamba angalau usiku analala pakavu.

Wiki ya tatu Ailse alianza kupumua kama zamani, ile sauti ya karatasi inayochanwa. Wiki ya tano ikawa mbaya kuliko zamani. Mally, ambaye siku zote alikaa nyumbani na hakuwahi kukanyaga kiwandani, ndiye aliyesema.

"Hivi Babu Jumatatu si yuko hapo hapo chini yake?"

"Yuko."

"Ngazi ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Basi ashuke. Jumatatu moja, dakika tisa. Wewe si nyapara? Nani wa kumzuia?"

Jabez akasema sawa. Alisema kwa moyo mmoja kabisa, na usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kesi.

Jumatatu ikafika. Saa tatu asubuhi alimpa Ailse ishara, akasimama yeye kwenye mitambo yake miwili, na msichana akashuka. Chini, Mtakatifu alimwona, akaegemeza beleshi ukutani, akajipangusa mkono kwenye aproni. Akakaa juu ya lundo la makaa ya mawe, akamkalisha mbele yake, akamwekea kiganja mgongoni.

Injini ikasimama.

Fundi wa injini alikagua. Maji yalikuwepo, moto ulikuwepo, kipimo cha mvuke kilikuwa juu kama kawaida. Injini haikuwa na ubovu wowote; ilikuwa imesimama tu, kama mitambo ya Thornshaw ilivyokuwa ikisimama. Fundi naye akakaa, akatoa mkate wake. Huko juu mikanda ililegea, mitambo yote ikanyamaza, na kiwanda kikawa kimya. Watu waliozoea kusemezana kwa midomo tu, kwa ajili ya kelele, wakasikiana sauti. Msichana mmoja alimwambia mwenzake wa mtambo wa pili kwamba hakujua ana sauti nene namna ile. Mwingine alisema mto unasikika. Wanawake wawili walivua viatu. Hakuna aliyeuliza kuna nini, maana wote walijua ni siku gani.

Dakika tisa baadaye Ailse alipanda ngazi zote thelathini na mbili bila kupumzika. Mashavu yalikuwa na rangi. Jabez alitega sikio karibu naye, na katika ule ukimya hakusikia kitu. Pumzi iliingia na kutoka kama kwa mtu yeyote. Akataka kumkumbatia, lakini injini ilikuwa imeshashika mwendo, na Haldenby alikuwa anapanda.

"Nani alishuka?" Haldenby aliuliza. Ilibidi amsogelee sikioni.

"Hakuna, bwana mkubwa. Ni yule mzee wa tanuri, alikaa kitako."

Hata hili nusu yake ilikuwa kweli. Jabez alikuwa ameanza kuwa fundi wa mambo hayo.

Haldenby hakupandisha sauti. Alisema mzee asipewe chakula siku tatu, na kuanzia leo asikae, na asiguse kitu chochote isipokuwa beleshi. Kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kutafuta mchawi, lakini injini ikisimama tena Jumatatu yoyote, kwa sababu yoyote, ile nyumba ya kwanza ya safu ataingia nyapara mwingine, na Jabez na watu wake wanaweza kurudi kilimani kwenye udongo wao, kama watapata uzi. Jabez akasema amesikia. Akaongeza kwamba halitatokea tena. Hilo la pili hakuna aliyemwomba aliseme.

Siku tatu zile Mtakatifu alichochea moto bila kula. Alikonda kidogo tu. Jabez alipita mara moja, akiwa na kipande cha mkate mfukoni, akakuta fundi wa injini yupo, akapita moja kwa moja na mkate wake. Jioni aliutupa mtoni, maana aliona haya hata kuurudisha nyumbani.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu kamili, Ailse aliacha mitambo yake na kuja mpaka kichwa cha ngazi. Jabez alikuwa amesimama ngazi ya tatu kutoka juu. Alikuwa hapo tangu saa mbili na nusu. Kwa kelele zile hakuna neno ambalo lingesikika, kwa hiyo msichana alisema kwa midomo.

"Baba. Dakika chache tu."

Jabez akatikisa kichwa.

Ailse akamtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia na anataka kuhakikisha. "Jumatatu ijayo?" midomo yake ikasema.

Jabez akatazama saa ya ukutani. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa hapana, lakini hata hilo alishindwa kumpa. Akaitazama ile saa mpaka mshale ukasogea, na alipogeuza macho Ailse alikuwa amesharudi kwenye mitambo yake, anaunga uzi uliokatika. Mabega yake yalipanda na kushuka. Kikohozi hakikusikika, mle ndani hakuna kikohozi cha mtu yeyote kilichowahi kusikika.

Fundi wa injini alimweleza baadaye, kama habari ya kawaida, kwamba mzee naye alikuwa ameweka beleshi chini saa tatu. Hakukaa. Alisimama ametazama ngazi, amejipangusa mkono, kiganja wazi, na injini ikapunguza mwendo kidogo kama inayosikiliza. Baada ya dakika tisa alishika beleshi lake tena bila kuambiwa.

Jioni Mally alipakua uji. "Ameshuka leo?" aliuliza.

"Ameshuka," alisema Jabez.

Ailse hakuinua macho kwenye bakuli.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumatatu saa tatu Ailse alisimama kichwa cha ngazi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha hata hilo akaliacha. Kila Jumatatu mzee aliweka beleshi chini na kungoja. Kila Jumatatu jioni Mally aliuliza, na Jabez akajibu. Ghorofa nzima ilijua, na safu nzima ya nyumba ilijua. Hata Sukey Tattersall, ambaye sasa alifagia pamba chini ya mitambo akiwa na miaka sitini na saba, alijua, na siku moja alipokutana na Mally kisimani alimwangalia sana, akamsaidia kujitwika ndoo, akanyamaza. Jabez alipoliona hilo kutoka dirishani alitamani Sukey awe amemwambia. Kwa siku mbili alingoja Mally aje amkabili. Angelia, angeomba radhi, angepiga moyo konde na kwenda kuifungua ile ngazi, liwalo na liwe. Alikuwa ameshayapanga mpaka maneno. Mally hakuja na lolote, na Jabez akaona kwamba hapo katikati ya kungoja alikuwa pia ameomba asijue, na kwamba kati ya maombi mawili hilo ndilo aliloliomba kwa dhati.

Mwezi wa Novemba, Jumatatu ya pili, mvua ilinyesha kutwa. Walikaa mezani watatu. Ukuta nyuma ya Jabez ulikuwa mkavu na wenye joto la jiko. Mally alikuwa amechangamka. Alikuwa amepata maziwa, na alimimina mengi kwenye bakuli la binti yake. Safari hii hakumuuliza mumewe. Alimgeukia Ailse.

"Mkono wake vipi? Bado una joto, au makaa yameuharibu?"

Ailse alimtazama baba yake. Jabez alikuwa ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa kimesimama njiani. Alijua kwamba hapa ndipo. Alijua pia kwamba hatasema kitu, na binti yake aliona anavyojua.

"Una joto, mama," Ailse alisema. "Kama zamani."

"Nilijua," alisema Mally. "Babu wa watu hana kinyongo. Mtu mwingine baada ya ile kesi asingetaka hata kutuona." Akachukua ndoo, akajifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, akatoka kwenda kisimani.

Ailse alisubiri. Alisikiliza hatua za mama yake mpaka zilipopita mlango wa jirani, na wa jirani wa pili. Ndipo alipoishika meza kwa mikono yote miwili, akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa, anajitahidi kikohozi kisitoke kwa sauti, na mabakuli yakatetemeka mezani. Jabez alikaa pale pale. Kilipokwisha, Ailse alifuta mdomo kwa kitambaa, akakitazama, akakikunja na kukitia mfukoni.

"Baba," alisema, "nisogezee mkate nikitulize kifua, kabla mama hajarudi."

Jabez akamsogezea.